Neno Moja kwa Siku: Namna ya Kuchimba Historia Iliyomo Ndani ya Kiswahili Unachosema

Hebu taja siku za wiki kwa sauti, polepole, ukikunja vidole. Jumamosi: mosi. Jumapili: pili. Jumatatu, Jumanne, Jumatano: tatu, nne, tano. Kidole cha sita ni Alhamisi. Sasa, Alhamisi ni neno la Kiarabu, na kwa Kiarabu maana yake ni "ya tano". Kwa hiyo wiki yetu ina siku mbili za tano zilizokaa jirani, nasi tunazipita kila juma bila kujikwaa.

Hapo kuna hesabu mbili zilizoshonwa pamoja. Waarabu huanza kuhesabu Jumapili, ndiyo maana ya tano yao inaangukia Alhamisi. Waswahili wa pwani walianza kuhesabu kesho yake baada ya Ijumaa, siku ya watu kukusanyika kwa sala, hivyo Jumamosi ikawa mosi. Wala hili si jambo lililotokea mara moja tu. Tazama miezi ya Kiislamu inavyoitwa kwa Kiswahili: baada ya Ramadhani huja Mfunguo Mosi, kisha Mfunguo Pili, hadi Mfunguo Tisa, halafu Rajabu, Shaabani, na Ramadhani tena. Mfunguo ni kufungua, yaani kuacha kufunga. Siku kubwa ya wiki ikipita, hesabu huanza moja. Mwezi mkubwa wa mwaka ukipita, hesabu huanza moja. Nilikuwa nimezitaja siku hizi maisha yangu yote kabla sijaliona hilo, na tangu niligundue siwezi kutamka Alhamisi bila kuisikia ile tano iliyomo ndani.

Watu wengi wanaopenda maarifa ya jumla hukusanya mambo ya mbali: mto mrefu kuliko yote, mfalme aliyetawala miaka mingi zaidi, mnara wa nchi fulani. Mambo hayo ni mazuri, lakini wiki mbili zikipita yameshapukutika, kwa sababu hayana pa kushikilia. Neno unalolitumia kila siku ni kitu kingine. Ukishalijua lilikotoka, kila ukilitamka linakukumbusha lenyewe. Ndiyo maana nashauri uanze na kilicho kinywani mwako. Kazi inachukua kama dakika ishirini kwa siku, na unachohitaji ni daftari, kalamu na kamusi, ikiwezekana mbili.

Hatua ya kwanza: chagua neno ulilolisema leo

Usiende kutafuta neno la ajabu. Chukua lililotoka mdomoni mwako tangu ulipoamka. Ukijisikiliza asubuhi moja tu utapata mengi kuliko unavyoweza kumaliza kwa mwezi.

Mengine huzaa matunda haraka kuliko mengine. Majina ya vyeo ni mgodi: rais, waziri, katibu, balozi, afande. Majina ya vitu vilivyotengenezwa na mikono ya watu pia: meza, dirisha, gari, bendera. Hesabu, pesa, pande za dunia, vipimo, vyombo vya baharini, michezo. Hata karata: kopa, shupaza na uru ni Kireno kitupu, kutoka copas, espadas na ouros, na kila anayezigawa karata hizo anataja maneno ya mabaharia wa karne ya 16.

Maneno ya mwili na ya ukoo wa watu, kama mkono, jicho, mtu, mtoto, husimulia habari ya namna nyingine. Hayo hayakuletwa na merikebu yoyote. Ukipata neno la aina hiyo, badala ya kuuliza lilitoka wapi, uliza ndugu zake wako wapi. Mtu kwa Kizulu ni umuntu, kwa Kinyarwanda umuntu, kwa Kikuyu mũndũ, kwa Kishona munhu, kwa Kilingala moto. Panga majina hayo kwenye ukurasa mmoja uone jinsi mdomo mmoja wa kale ulivyosambaa nusu ya bara. Ni kutokana na watu, yaani bantu, kwamba Wilhelm Bleek, katika karne ya 19, aliipa familia yote ya lugha hizi jina tunalolitumia mpaka sasa.

Hatua ya pili: lichunguze kabla hujafungua kamusi

Hatua hii watu huiruka, na ndiyo inayokufundisha kuliko zote. Kadiria kwanza. Ukikosea hupotezi kitu. Ukipatia, jicho lako limeanza kunoleka.

Kwa vitenzi kuna kipimo chepesi mno. Kitenzi cha asili ya Kibantu huishia na -a: soma, lima, cheka, anguka. Kikiishia na sauti nyingine, karibu kila mara ni cha kukopa, na mara nyingi mno ni cha Kiarabu: safiri, fikiri, jibu, haribu, sahau, samehe. Jaribu ukurasa mmoja wa gazeti kwa kalamu mbili za rangi tofauti. Utashangaa jinsi kipimo hiki kinavyofanya kazi.

Sauti nazo husema. Ukikuta dh, th au gh, kama katika dhambi, thelathini au ghali, fikiria Kiarabu kwanza.

Halafu tafuta jamaa wa neno. Maneno ya Kiarabu hujengwa juu ya konsonanti, kwa kawaida tatu, na hizo hubaki hata irabu zikibadilika. Chukua k-t-b, mzizi wa kuandika: kitabu ni kilichoandikwa, katibu ni mwandishi, maktaba ni mahali pa maandishi, na katiba imo katika ukoo huohuo. Chukua maarifa: ndugu zake ni arifu, taarifa na maarufu, yaani anayejulikana. Elimu ni ndugu wa mwalimu, taaluma na maalumu. Habari ni ndugu wa hubiri. Siku ya kwanza nilipoiweka familia ya maarifa kwenye mstari mmoja nilihisi kama nimeonyeshwa chumba cha nyumba yangu ambacho sikuwahi kuingia.

Hapa naomba nisimame kidogo, maana kuna dhana inayoniumiza. Wako watu wanaoona orodha kama hizi wakakimbilia kusema Kiswahili ni Kiarabu kilichochanganywa. Tazama neno kitabu lilivyotendewa. Kwa Kiarabu wingi wake ni kutub. Mswahili alisikia ki- mwanzoni, akaitambua kama ki- yake mwenyewe, ile ya kiti na kisu, akasema vitabu. Muallim wa Kiarabu alikuja na mu- yake. Mswahili akaikuta inafanana na m- ya mtu, akasema mwalimu, walimu. Baadaye sana yakaja maneno mawili ya Kiingereza, keep left, yaliyoandikwa kwenye mizunguko ya barabara: yakawa kipilefti, vipilefti. Mudguard ya gari ikawa madigadi, na kwa kuwa ma- ni ya wingi, moja ikaitwa digadi. Msamiati umetoka kila pembe ya Bahari ya Hindi, lakini kila mgeni aliyeingia amevalishwa nguo za Kibantu mlangoni. Sarufi ndiyo mwenye nyumba, na sarufi ni ya Kibantu. Jina lenyewe la lugha limeundwa hivyo: sawahil ni wingi wa neno la Kiarabu la pwani, likavishwa ki- mbele na -i nyuma. Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alilitumia neno hilo la Sawahil kwa nchi ya pwani hii.

Hatua ya tatu: fungua kamusi, na usiishie kwenye moja

Neno kamusi lenyewe linastahili siku yake. Kwa Kiarabu qamus ilikuwa bahari kuu. Mwanachuoni Firuzabadi, aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 15, aliipa kamusi yake kubwa jina lenye maana ya bahari inayozunguka yote. Ikapata sifa kiasi kwamba bahari yake ikageuka kuwa jina la kila kitabu cha maneno. Kwa hiyo unapofungua kamusi, unafungua bahari.

Anza na kamusi ya sasa ya Kiswahili sanifu upate maana na ngeli. Kamusi ya TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili) iliyotoka mwaka 1981, pamoja na matoleo yaliyofuata, ni mahali pazuri pa kuanzia. Kisha rudi nyuma. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 huonyesha asili ya maneno mengi ya kukopa. Nyuma zaidi kuna ya Johann Ludwig Krapf, mmisionari aliyefika Mombasa mwaka 1844. Ilichapishwa London mwaka 1882, baada ya yeye kufariki. Krapf aliandika Kiswahili alichokisikia Mombasa, na tahajia yake si ya leo, kwa hiyo usilikatie tamaa neno ukilikosa mara ya kwanza. Sanifu tunayoiandika ilijengwa juu ya Kiunguja, lahaja iliyochaguliwa katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928. Ndiyo sababu Kimvita cha Krapf, yaani lahaja ya Mombasa, kinaweza kukuonyesha sura ya neno ambayo kamusi mpya zimeiacha.

Ukiwa na kamusi mbili mbele yako, jiulize swali moja tu: je, maana imehama? Pale maana ilipohama ndipo historia ilipo.

Hatua ya nne: fuata njia iliyopitia

Hapa ndipo napenda ukae. Kujua kwamba neno fulani "ni la Kireno" ni nusu ya kazi. Uliza nani alilileta, akiwa na nini mkononi, na kwa nini wenyeji walilihitaji.

Gereza linatokana na igreja, neno la Kireno la kanisa. Kanisa likageukaje kuwa jela? Wareno walifika Mombasa na Malindi mwaka 1498 wakiwa na Vasco da Gama, na mwaka 1593 wakaanza kujenga Fort Jesus, Mombasa. Ngome zao zilikuwa na kanisa ndani. Kwa anayeitazama kutoka nje, kuta, mizinga na kanisa ni kitu kimoja. Jina likakaa kwenye ngome: magofu ya ngome ya Kilwa Kisiwani yanaitwa Gereza hadi leo. Wareno wakafukuzwa Mombasa mwaka 1698, kuta zikabaki, na nyumba yenye kuta nene na mlango mmoja ina matumizi yake kwa kila mtawala. Waingereza waliigeuza Fort Jesus kuwa jela, kazi iliyoendelea kufanya mpaka miaka ya 1950. Kanisa, ngome, jela: karne nne ndani ya silabi tatu.

Shule ni Schule ya Kijerumani, kutoka enzi za utawala wa Wajerumani katika Tanganyika. Neno likaenea hata mahali ambapo Wajerumani hawakutawala, lakini Zanzibar, iliyowekwa chini ya ulinzi wa Uingereza mwaka 1890, bado inasema skuli, kutoka Kiingereza. Mtoto wa Unguja na mtoto wa Tanga wanakwenda kujifunza lugha ileile, na neno wanalotumia kutaja wanakokwenda linaonyesha mpaka uliochorwa na wageni zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Hela nayo ni Heller. Mwaka 1904 Wajerumani waliigawa rupia yao ya Afrika Mashariki kuwa heller 100, badala ya pesa 64 za awali. Sarafu yenyewe imekwisha kabisa, jina bado linasumbua mifuko yetu. Na pesa, ile iliyoondolewa na heller, ni paisa ya Kihindi. Ukisema "pesa" au "hela" unachagua kati ya sarafu mbili zilizowahi kushindana.

Kiajemi ni njia nyingine ambayo wengi hawaijui. Bandari ni bandar. Dirisha ni daricha, mlango mdogo. Nahodha ni nakhuda: nav ni chombo cha majini, khuda ni bwana, kwa hiyo nahodha ni bwana wa chombo. Serikali imetokana na sarkar: sar ni kichwa, kar ni kazi. Sasa kumbuka hiyo kar uitazame karakana: kar-khana, nyumba ya kazi. Serikali na karakana ni ndugu.

Safari ndefu kuliko zote ninazozijua ni ya balozi. Neno lilianza kwa Kilatini, baiulus, mchukuzi wa mizigo. Watu wa Venice wakapata kutoka humo bailo, jina la mwakilishi wao aliyekaa Istanbul, uliokuwa mji mkuu wa Waturuki. Waturuki wakalitamka balyoz. Kwa Waarabu wa Ghuba likawa jina la mwakilishi wa dola ya kigeni, na kutoka huko likaja pwani yetu likiwa balozi. Huko Tanzania likateremka tena hadi mtaani, likawa cheo cha balozi wa nyumba kumi. Mchukuzi wa mizigo wa Roma akapanda hadi ikulu, kisha akarudi kukaa na majirani.

Usidhani kila kitu kimekuja kwa bahari. Hilo neno ikulu limetoka bara, katika Kinyamwezi, makao ya mtemi. Kung'atuka ni Kizanaki. Julius Nyerere alilieneza alipoachia urais mwaka 1985, na sasa linatumiwa na watu wasiojua kwamba Kizanaki kipo.

Na kuna maneno yaliyoletwa na upepo wenyewe. Pande nne za dunia kwa Kiswahili zimegawanyika sawasawa. Mashariki na magharibi ni Kiarabu: pa kuchomoza jua na pa kuzama. Kaskazini na kusini ni kaskazi na kusi pamoja na -ni ya mahali. Kaskazi ni upepo unaovuma kuanzia kama Desemba hadi Machi, ukileta vyombo kutoka Arabuni na Bara Hindi. Kusi huvuma katikati ya mwaka na kuvirudisha. Baharia wa pwani hakuhitaji dira kujua kaskazini ni wapi. Ni pale ambapo kaskazi hutokea.

Hatua ya tano: lipitishe kwenye chujio

Asili za kubuni ni nyingi, na zinapendeza kuliko za kweli. Kabla hujamwambia mtu, jiulize mambo matatu: je, sauti zinakubaliana? Je, wenye lugha hiyo walikutana kweli na Waswahili, na lini? Je, kuna sura ya kati, katika kamusi ya zamani au lugha ya jirani, inayounganisha mwanzo na mwisho?

Mfano wa sauti: kiburi na kaburi. Zinafanana mno, na mhubiri yeyote angependa kuziunganisha. Lakini kiburi ni k-b-r, mzizi wa ukubwa, uleule wa takbiri. Kaburi ni q-b-r, mzizi wa kuzika. Kiarabu kina k mbili tofauti, moja hutoka ndani kooni. Kiswahili kimezimimina zote kwenye k moja, na watu wawili wasiojuana wakaonekana mapacha.

Mfano wa kukutana: Waturuki nao humwita baba "baba". Hakuna aliyekopa. Mama na baba hufanana katika lugha nyingi zisizo na undugu kwa sababu m, b na a ni sauti rahisi kwa midomo ya mtoto mchanga, na wazazi kila mahali husikia wameitwa wao.

Mfano wa tatu ulinipata mimi. Kwa miaka nilieleza watu kwamba Dar es Salaam maana yake ni bandari ya salama. Mji una bandari, kuna neno bandar, kila kitu kinaingia mahali pake. Ila kwa Kiarabu dar ni nyumba, makao. Ndiyo makao ya amani, jina lililotolewa katika miaka ya 1860, wakati wa Sultani Majid bin Said, kwa mahali palipokuwa na kijiji cha Mzizima. Bandari haimo kabisa. Nilirudi kwa wale niliowaeleza, kila niliyeweza kumkumbuka, nikasahihisha. Nakushauri ufanye hivyohivyo: kosa dogo la leo huwa "ukweli" wa mtu mwingine kesho.

Kuna mahali ambapo hadithi mbili husimama pamoja na hakuna iliyoshinda. Bagamoyo huelezwa kuwa ni bwaga moyo: wengine wakisema ni watumwa waliokata tamaa walipoiona bahari, wengine wakisema ni wapagazi waliotua mizigo na kupumua baada ya safari ya miezi. Ikiwa hivyo, andika zote mbili na useme ni mbili. Usichague ile inayokuliza.

Hatua ya sita: andika kadi

Kadi isizidi sentensi sita. Ukiona unahitaji zaidi, umeshika maneno mawili. Moja liweke kesho. Hii hapa kadi kutoka daftari langu, kama nilivyoiandika:

"FUNGATE. Leo: siku za mapumziko ya maharusi baada ya harusi. Zamani: saba. Waswahili walikuwa na hesabu kamili ya Kibantu: tandatu sita, fungate saba, kenda tisa. Sita, saba na tisa za Kiarabu zikachukua nafasi, nane ya Kibantu ikabaki katikati. Ushahidi: Wagiriama husema fungahe kwa saba, na jina la Mijikenda ni miji tisa. Namba imekufa sokoni, ikabaki kwa maharusi, kwa sababu mapumziko yao yalikuwa ya siku saba."

Angalia mpangilio wake: maana ya leo, maana ya zamani, kilichotokea, ushahidi. Bila ule mstari wa ushahidi kadi ni porojo. Weka tarehe pembeni, na uache nafasi chini, maana utajifunza zaidi baada ya miezi.

Hatua ya saba: irudishe kinywani

Mwaka 1885 Hermann Ebbinghaus, Mjerumani, alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe: alikariri silabi zisizo na maana na kupima zilivyomtoka kichwani. Nyingi zilitoweka mapema mno, ndani ya siku ya kwanza, kisha zilizobaki zikapungua polepole. Kwa hiyo kadi ya leo isome kabla ya kulala, kesho asubuhi, kisha wiki ijayo, kisha mwezi ujao. Na mwambie mtu. Kumweleza mtu aliye mbele yako hukuonyesha papo hapo pale ambapo hukuelewa.

Wiki moja katika nne iachie methali. Humo yamehifadhiwa maneno ambayo nje yake hayana makao. "Lila na fila havitangamani": uzuri na ubaya, na huwezi kuyasikia maneno hayo mawili popote pengine. "Chanda chema huvikwa pete": chanda ni kidole. "Haba na haba hujaza kibaba": kibaba kilikuwa kipimo cha nafaka, viwili ni kisaga, vinne ni pishi.

Kwa methali kamusi itakusaidia kiasi, lakini wazee watakusaidia zaidi, ukijua kuuliza. Usimwendee mzee na swali la "asili ya neno hili ni nini". Hilo ni swali la darasani na litamfunga mdomo. Mwamkie, kaa, kisha muulize: "Bibi, zamani kitu hiki mlikuwa mkikiitaje?" au "Babu, hili neno mlilitumia lini?" Halafu nyamaza. Andika baadaye, si mbele yake, isipokuwa amekuruhusu.

Anza na hii: "Hamadi ni iliyo kibindoni, silaha iliyo mkononi." Usiseme unajua kibindo ni nini. Muombe akuonyeshe. Atasimama, ataushika upindo wa nguo kiunoni, ataukunja na kuupindua kwa ndani hadi utokee mfuko mdogo, na atakuambia nini kiliwekwa humo.